Maisha ya Bwana Delamere, Mkulima wa Njoro

Sisi tukaao katika vilima vya Titye, katika nchi ya Buha, twaijua kazi ya jembe. Hakuna nyumba kwetu isiyolima mahindi, maharagwe au muhogo. Na mzee wa kwetu huutazama udongo na majani yaotayo juu yake, kisha hunena kama shamba litazaa ama halitazaa. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia habari za mkulima mmoja Mwingereza, ambaye jina lake lilijulikana sana katika Afrika ya Mashariki. Mtu huyu alikuwa na mali na bidii nyingi. Walakini alijifunza kwa hasara mambo ambayo angaliweza kujifunza kwa kuwauliza majirani zake.

Jina lake lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1870, katika jamaa ya makabaila. Baba yake alipokufa mwaka wa 1887, kijana huyu alirithi cheo na mashamba yake, akaitwa Lord Delamere, naye alikuwa na umri wa miaka 17 tu. Hakupenda kukaa kwao katika starehe. Tangu mwaka wa 1891 alikuwa akisafiri mpaka nchi ya Wasomali kuwinda simba. Mwaka wa 1894 simba alimrukia akamjeruhi vibaya mguuni, na bila shaka angalikufa siku ile. Lakini mchukuzi wake wa bunduki, Msomali jina lake Abdulla Ashur, alimrukia yule simba kwa mikono mitupu, hata bwana wake akapata nafasi ya kuishika bunduki. Tangu hapo Delamere alichechemea maisha yake yote. Na kila hatua aliyokwenda ilikuwa ukumbusho ya kwamba uhai wake aliokolewa na mtu wa Afrika.

Mwaka wa 1897, baada ya safari ndefu kwa ngamia katika nchi kavu, alifika Laikipia, katika nchi ambayo sasa huitwa Kenya. Akaona nchi ya baridi, yenye maji na majani mabichi, moyo wake ukashikwa nayo. Akarudi Uingereza, na mwaka wa 1899 akamwoa Lady Florence Cole, binti wa kabaila wa Ireland. Mwaka wa 1900 wakazaa mtoto wa kiume, Thomas.

Mwaka wa 1903 Delamere aliomba shamba kwa serikali. Mahali pa kwanza alipopaomba alikataliwa. Kisha akapewa eka 100,000 huko Njoro, kwa mkataba wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kila mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 katika kuitengeneza nchi ile kwa miaka mitano ya kwanza. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa kibanda cha udongo na nyasi. Lady Florence, aliyekuwa amelelewa katika nyumba kubwa ya mawe, aliweka vyombo vyake vizuri vya Ulaya juu ya sakafu ya udongo. Mumewe alipokuwa mgonjwa au safarini, yeye alisimamia kazi za shamba. Ndugu zake wawili, Galbraith na Berkeley, nao walikuja kukaa Kenya. Lakini mtoto wao Thomas alilelewa Uingereza, mbali na wazazi wake, na jambo hili twalihesabu kuwa sehemu ya gharama waliyolipa.

Sasa sikilizeni habari za shamba lenyewe. Delamere alileta kondoo wa sufu kutoka ng'ambo kwa fedha nyingi. Majani ya Njoro yalikuwa mengi na ya kupendeza macho. Lakini wale kondoo wakakonda katikati ya majani yale, wakafa, hata wakabaki wachache. Wamasai walikuwa wameijua nchi ile tangu zamani, nao hawakupenda kulisha mifugo yao pale. Ilionekana baadaye ya kwamba udongo ule umepungukiwa na madini ambayo mnyama huyahitaji ili apate damu na nguvu. Akaleta ng'ombe wa kizungu. Ndigana na homa ya mapafu zikawamaliza. Akalima ngano, nayo ikaota vizuri, lakini kabla ya mavuno ikaingiliwa na ugonjwa wa kutu, shamba lote likaharibika. Ili apate fedha ya kuendelea aliweka rehani mashamba ya baba zake huko Uingereza.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alimwajiri mtaalamu ili achanganye mbegu za ngano, ipatikane moja iwezayo kushindana na kutu. Mwaka wa 1908 alianzisha kampuni ya kusaga ngano iliyoitwa Unga, na jina hilo halijafa hata leo. Aliyahamisha makundi yake mpaka Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, akachukua madume ya kondoo wa sufu akayachanganya na majike ya Wamasai, na uzao wao ukastahimili nchi. Tena aliwaajiri Wamasai kuwa wachungaji wake, akajifunza lugha yao, akaketi nao jioni wakizungumza habari za ng'ombe. Hapo ndipo mifugo yake ilipoanza kufanikiwa.

Lakini yatupasa kusema na upande wa pili, maana habari ya mtu isiyosema upande wa pili si kweli. Mwaka wa 1904 serikali iliwahamisha Wamasai wengi kutoka malisho yao ya Naivasha na Nakuru, ili Wazungu wapate kukaa, nao wakapelekwa Laikipia kwa ahadi ya kuwa nchi hiyo itakuwa yao daima. Mwaka wa 1911 ahadi hiyo ilivunjwa, wakahamishwa tena kwenda kusini. Ole Njogo na wenzake walilipeleka shauri lao mahakamani mwaka wa 1913, nalo likatupwa. Soysambu yenyewe ilikuwa katika nchi ile ya malisho ya Wamasai. Delamere alizisikiliza shauri za Mmasai juu ya kondoo. Lakini juu ya nchi na utawala wake alitaka Wazungu walowezi ndio wawe wenye neno. Mwaka wa 1923 alikwenda London kuwatetea, na mwaka wa 1925 aliwakusanya viongozi wao Tukuyu, katika Tanganyika yetu, ili kuimarisha nguvu zao. Huku ndiko kuchechemea kwake kulikokuwa kukubwa kuliko kule kwa mguu.

Lady Florence hakuyaona mafanikio. Alikufa mwaka wa 1914, akiwa bado kijana. Delamere alioa tena mwaka wa 1928, akafa tarehe 13 Novemba 1931, akazikwa Soysambu, akiacha madeni makubwa. Mwanawe Thomas aliurithi mzigo ule pamoja na cheo, akaishi mpaka mwaka wa 1979. Huko Nairobi walimsimamishia sanamu katika barabara iliyoitwa kwa jina lake. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963 sanamu iliondolewa ikapelekwa Soysambu, na barabara ile ikaitwa kwa jina la Kenyatta.

Basi, ndugu zetu, na hasa ninyi walimu wa mitaa, tujifunze nini? Mtu huyu hakuwa mvivu wala mwoga, na ngano ilimwayo Kenya leo ina jasho lake. Walakini kondoo wangapi wangalipona kama angaliketi na wazee kwanza? Na machozi mangapi yasingalimwagika kama wenye nchi wangalisikilizwa barazani kama walivyosikilizwa zizini? Kwa hiyo, mmoja wetu akitumwa mahali pageni, awe amechukua jembe, chaki au kitabu, na asiwe mwepesi wa kupima mipaka. Aombe kiti kwa mwenyeji, aulize habari za udongo na za watu, kisha ndipo aanze kazi.