MKO Abiola: Aliyeshinda kwa kura akafia kizuizini

KILA unapofika uchaguzi katika nchi zetu za Afrika, na kila wananchi wanapoingia barabarani kudai kura zao, mimi hukumbuka jina la mtu mmoja. Mtu huyo ni Alhaj Moshood Kashimawo Olawale Abiola wa Nigeria, aliyefahamika zaidi kwa herufi tatu, MKO. Vijana wengi wa leo hawamjui, na wanaomjua wanamjua kwa utajiri wake tu. Kisa chake kina mafunzo makubwa kwetu sisi Waislamu. Mengine ni matamu, mengine machungu, na nitayaeleza yote bila kuficha.

Abiola alizaliwa Abeokuta, kusini magharibi mwa Nigeria, tarehe 24 Agosti 1937. Alikuwa mtoto wa ishirini na tatu kwa baba yake, na wa kwanza kuishi. Wote waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga. Wazee wake waliogopa hata kumpa jina la kudumu, wakamwita Kashimawo, ambalo kwa Kiyoruba lina maana ya tungoje tuone. Nyumba ilikuwa ya kimasikini. Akiwa na umri wa miaka tisa alikuwa akienda porini alfajiri kukata kuni, anaziuza, ndipo anakwenda shule. Alipofika miaka kumi na tano aliunda bendi ya kupiga muziki kwenye karamu ili apate ada.

Alisoma sekondari ya Wabaptisti hapo hapo Abeokuta. Mmoja wa wanafunzi aliokuwa nao shuleni ni Olusegun Obasanjo, ambaye atarudi mwishoni mwa kisa hiki. Baadaye Abiola alikwenda Chuo Kikuu cha Glasgow kusomea uhasibu. Aliporudi alifanya kazi katika makampuni ya kigeni mpaka akaingia kampuni ya simu ya Kimarekani ya ITT, na hapo ndipo utajiri ulipoanza. Alipanda mpaka kuwa makamu wa rais wa kampuni hiyo kwa Afrika na Mashariki ya Kati.

Tuseme ukweli. Utajiri ule ulipatikana kwa kufanya biashara na serikali za kijeshi, na Abiola alikuwa rafiki wa majenerali. Mwanamuziki Fela Kuti alimtungia wimbo wa kumsema kwa jina la kampuni hiyo hiyo, na wimbo ulipigwa kila pembe ya Lagos. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa Abiola alianza maisha kama mtetezi wa wanyonge.

Lakini mali ile hakuikalia. Alijenga misikiti na shule, akachimba visima, akalipia masomo ya watoto wasio wake, Waislamu na Wakristo. Alikuwa makamu wa rais wa Baraza Kuu la Mambo ya Kiislamu la Nigeria. Wayoruba walimtawaza Aare Ona Kakanfo mwaka 1988, cheo cha zamani cha amiri jeshi. Mwaka 1980 alianzisha gazeti la National Concord. Alisimama pia kudai kuwa mataifa yaliyofanya biashara ya utumwa yailipe Afrika fidia. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakati katibu wake mkuu akiwa Dk. Salim Ahmed Salim, uliunda jopo la watu mashuhuri kulishughulikia suala hilo. Abiola akawa mwenyekiti wake, na mmoja wa wajumbe alikuwa Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa.

Mwaka 1993 Jenerali Ibrahim Babangida, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi mwaka 1985, aliruhusu uchaguzi wa rais baada ya kuuahirisha mara kwa mara. Vyama vilikuwa viwili tu, na vyote viliundwa na serikali yenyewe. SDP ilimsimamisha Abiola na NRC ikamsimamisha Bashir Tofa, tajiri Muislamu kutoka Kano. Mgombea mwenza wa Abiola alikuwa Babagana Kingibe, naye Muislamu. Wengi walisema Wakristo hawatawapigia kura Waislamu wawili. Ilikuwa kinyume chake.

Siku mbili kabla ya uchaguzi, usiku, mahakama moja ya Abuja ilitoa amri ya kuuzuia. Tume ya Uchaguzi chini ya Profesa Humphrey Nwosu haikuifuata, na tarehe 12 Juni watu walipiga kura kwa utulivu. Kura zilihesabiwa vituoni na matokeo yakasomwa hapo hapo mbele ya wapiga kura. Ndiyo maana hata pale Tume ilipozuiwa kuendelea kuyatangaza, nchi nzima ilikuwa inajua nani ameshinda. Abiola alipata kura zaidi ya milioni 8.3, Tofa milioni 5.9. Alishinda katika majimbo 19 kati ya 30. Kusini alishinda, kaskazini alishinda, na Kano, nyumbani kwa Tofa, alishinda pia. Nchi iliyozoea kugawanyika kwa kabila na dini ilikuwa imeungana kwa siku moja.

Tarehe 23 Juni Babangida aliufuta uchaguzi. Aliyeufuta alikuwa rafiki wa Abiola na Muislamu mwenzake.

Wananchi hawakukubali. Kuanzia tarehe 5 Julai vijana, wafanyakazi na wachuuzi waliingia mitaani Lagos na miji mingine ya kusini magharibi. Barabara zilizibwa, matairi yakachomwa, masoko na mabenki yakafungwa. Serikali ikaleta wanajeshi. Mashirika ya haki za binadamu yalisema watu waliouawa kwa risasi ni zaidi ya 100. Wengi wao hawakuwahi kukutana na Abiola, wala hawakuwahi kula pesa yake. Walikufa kwa ajili ya karatasi walizotumbukiza sandukuni.

Hapa msomaji nakuomba utulie kidogo. Aliyeongoza Kampeni ya Demokrasia iliyoitisha maandamano yale ni Dk. Beko Ransome-Kuti, mtoto wa mchungaji wa Kikristo, na ndugu wa tumbo moja wa Fela, yule aliyemtungia Abiola wimbo wa kumtukana. Pamoja naye alikuwepo wakili Gani Fawehinmi, Muislamu. Watu hawa walifungwa mara nyingi. Hawakumpigania Abiola kwa sababu walimpenda. Walimpigania kwa sababu haki ilikuwa yake. Hicho ndicho dini yetu inachotufundisha, tusimamie haki hata ikiwa ni ya tusiyempenda, lakini ni wangapi kati yetu tunaokifanya?

Babangida alishindwa kuendelea, na tarehe 26 Agosti aling'atuka, akamwachia Ernest Shonekan serikali ya muda. Abiola wakati huo alikuwa London, alikokwenda mwanzoni mwa Agosti kutafuta msaada wa mataifa makubwa. Wapo waliomlaumu kuwa amewaacha wafuasi wake kwenye risasi. Alirudi mwezi Septemba. Mwezi Novemba mahakama ya Lagos ilitamka kuwa serikali ya Shonekan si halali, na wiki moja baadaye, tarehe 17 Novemba 1993, Jenerali Sani Abacha akachukua nchi. Kingibe, mgombea mwenza wa Abiola, mtu aliyechaguliwa kuwa makamu wa rais, akakubali uwaziri wa mambo ya nje katika serikali ya Abacha. Adui anayekupinga hadharani ni afadhali kuliko mwenzako anayekuuza kwa cheo.

Juni 11, 1994, katika mtaa wa Epetedo, Lagos, Abiola alijitangaza kuwa rais halali wa Nigeria. Siku chache baadaye alikamatwa na kushitakiwa kwa uhaini. Wafanyakazi wa mafuta waligoma kwa miezi miwili, nchi yenye mafuta ikakosa mafuta. Abacha akavunja uongozi wa vyama vyao na kuwaweka ndani viongozi.

Abiola alikaa kizuizini miaka minne. Mlango ulikuwa wazi kwake kwa sharti moja tu, aseme kuwa ameacha madai ya ushindi wake. Alikuwa tajiri mwenye nyumba, mashamba, meli na watoto wengi. Angeweza kutia sahihi akarudi kula mali yake. Alikataa. Aliona kuwa kura zile hazikuwa zake kuzigawa, zilikuwa amana ya watu, na baadhi yao walikuwa tayari wako makaburini.

Nje, mkewe Alhaja Kudirat ndiye aliyeshika bendera. Aliwatia moyo wagomaji, akazungumza na waandishi wa habari, akaingia mahakamani na kutoka. Tarehe 4 Juni 1996 alipigwa risasi ndani ya gari lake Lagos, mchana. Mwaka 2012 mahakama iliwatia hatiani watu wawili, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikawaachia. Mume alikuwa kifungoni hata kumzika mkewe hakuweza.

Tarehe 8 Juni 1998 Abacha alikufa ghafla. Jenerali Abdulsalami Abubakar alishika nchi na wafungwa wa kisiasa wakaanza kuachiwa. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikwenda kumuona Abiola. Watu wakawa wanahesabu siku. Tarehe 7 Julai, akiwa katika mazungumzo na ujumbe wa maofisa wa Marekani, alijisikia vibaya, na siku hiyo hiyo akafariki. Madaktari wa kimataifa waliochunguza maiti walisema ni maradhi ya moyo. Wananigeria wengi hawakuamini, na Lagos ikawaka moto tena. Jambo hilo tumuachie Mwenyezi Mungu, Yeye ndiye Mjuzi. Tunalolijua sisi ni kuwa mtu hakupaswa kuwa mle tangu siku ya kwanza.

Mei 29, 1999 utawala wa kiraia ulirudi, na aliyeapishwa kuwa rais ni Obasanjo, yule aliyesoma naye Abeokuta. Kwa miaka minane ya utawala wake hakumpa Abiola heshima ya kuwa mshindi wa Juni 12. Heshima hiyo ilikuja mwaka 2018, Rais Muhammadu Buhari alipomtunuku nishani ya juu kabisa, ile wanayopewa marais, na kuifanya Juni 12 kuwa Siku ya Demokrasia ya Nigeria. Na Februari 2025 Babangida mwenyewe, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, alikiri katika kitabu cha maisha yake kuwa Abiola alishinda. Imemchukua zaidi ya miaka thelathini kusema jambo ambalo kila muuza machungwa wa Lagos alilijua usiku ule ule.

Ndugu yangu Muislamu, aliyemnyang'anya Abiola ushindi alikuwa Muislamu. Aliyemfunga alikuwa Muislamu. Na damu iliyomwagika kumtetea ilikuwa ya Waislamu na Wakristo pamoja. Basi tukiona dhulma kwenye masanduku ya kura, tusiulize kwanza dhalimu anasali wapi, wala aliyedhulumiwa anaitwa nani. Jina la Kiislamu halimtakasi dhalimu, na dhulma haisahauliki kwa kuwa waliodhulumiwa wamekufa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Alhaj Moshood Abiola, mkewe Kudirat, na wote waliouawa wakidai haki yao. Amin.