Edward Appleton: Mtoto wa mfanyakazi wa ghala aliyepima paa la redio

DEREVA wa lori anayelala mpakani anaijua hali hii: mchana redio yake ya masafa ya kati hushika vituo vya karibu tu, lakini jua likishazama, sauti za nchi za mbali huanza kuingia, zikipanda na kufifia. Aliyefumbua fumbo hilo ni Mwingereza Edward Appleton.

Alizaliwa 6 Septemba 1892 mjini Bradford, mji wa viwanda vya sufu, baba yake akiwa mfanyakazi wa ghala. Akiwa na miaka 18 alipata ufadhili wa kusoma Cambridge. Vita Kuu ya Kwanza vilimpeleka jeshini, kikosi cha wahandisi, na huko akavutiwa na redio.

Tangu 1902, Arthur Kennelly na Oliver Heaviside walikuwa wamekisia kwamba juu angani kuna tabaka la umeme linalorudisha mawimbi ardhini. Uthibitisho haukuwapo. Appleton aligundua kuwa matangazo ya London yaliyofika Cambridge yalitulia mchana, ila usiku yaliyumba. Akawaza kwamba usiku yanafika mawimbi mawili, moja likipita ardhini na jingine likirudi kutoka juu, kama wachukuzi wawili walioondoka pamoja, mmoja akifuata barabara na mwenzake akipitia mlimani.

Desemba 1924, yeye na Miles Barnett walitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth baada ya matangazo kufungwa usiku. Walibadilisha urefu wa wimbi polepole, wakahesabu mpokeo ulivyopanda na kushuka kule Oxford. Hesabu ilionyesha tabaka liko takriban kilomita 100 juu. Baadaye alipata jingine, zaidi ya kilomita 200, linaloitwa kwa jina lake.

Kazi hiyo ilifungua njia ya kuelewa machweo. Mwanga wa jua hung'oa elektroni kwenye hewa ya juu. Mchana hujitokeza tabaka la chini linalomeza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama, elektroni za huko hurudiana na hewa upesi na tabaka hilo hutoweka, hivyo mawimbi hupenya hadi juu na kurudi mbali. Tabaka la juu kabisa hudumu usiku, kwa kuwa hewa yake ni nyembamba na elektroni huchelewa kurudiana nayo.

Kwa Uingereza, iliyo mbali na Ikweta, badiliko hilo hufuata majira: Desemba jua huzama karibu saa kumi alasiri, Juni baada ya saa tatu usiku. Kwetu Afrika Mashariki saa ya machweo haibadiliki sana mwaka mzima.

Appleton alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1947, akaongoza Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi alipofariki 21 Aprili 1965.