Gijubhai Badheka, Mama Mwenye Masharubu

Katika vitabu vya maadhimisho kama hiki desturi ni kumkumbuka mtakatifu au mfadhili. Safari hii tumeona vema tumkumbuke mwalimu wa watoto wadogo. Katika ujana wake alipata kuishi Afrika Mashariki, na kazi yake inatuhusu sote tunaosikitika kila mwaka matokeo ya hisabati yanapotangazwa.

Girijashankar Badheka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Gijubhai, alizaliwa tarehe 15 Novemba 1885 katika kijiji cha Chital, Kathiawar, upande ule wa Gujarat walikotoka wengi wa wazee wetu. Mwaka 1907 alivuka bahari kuja Afrika Mashariki kutafuta riziki, kama walivyofanya vijana wengi wa kizazi chake. Wakati huo reli ya kutoka Tanga ilikuwa imeishia Mombo, na Same ilikuwa haijasikia bado mlio wa garimoshi. Hakukaa sana. Mwaka 1909 alirejea India, akasomea sheria Bombay, akawa wakili.

Kilichombadilisha ni kuzaliwa kwa mwanawe mwaka 1913. Shule alizozijua Gijubhai zilikuwa za fimbo na kukariri, naye hakutaka kumkabidhi mtoto wake kwa shule za namna hiyo. Katika kutafuta njia nyingine alipata maandishi juu ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, mwaka uleule Gijubhai alipokuja huku kwetu. Mwaka 1916 aliacha uwakili, jambo ambalo katika jamaa zetu si dogo, akajiunga na taasisi ya Dakshinamurti mjini Bhavnagar. Hapo, mwaka 1920, alianzisha Bal Mandir, yaani hekalu la watoto, kwa ajili ya wale wasiofikia bado umri wa shule. Neno mandir ndilo tunaloliitia nyumba hii tunayoiadhimisha; yeye alilitumia kwa chumba cha watoto wenye mikono ya vumbi, na wala hakuona kwamba analishusha hadhi.

Alikaa nao sakafuni, akawasimulia hadithi, akaimba na kucheza nao. Fimbo haikuwa na nafasi. Watu walipomwona mwanamume mwenye masharubu mazito akiwalea watoto kwa upole wa namna ile, wakamwita Muchhali Ma, mama mwenye masharubu, na jina likamkaa.

Tuseme sasa habari ya hesabu. Mtoto wa Kigujarati wa zamani hakukariri majedwali ya namba nzima tu. Alikariri ya robo, ya nusu, ya robo tatu, ya moja na robo, hata ya moja na nusu, darasa zima likiimba kwa sauti moja. Hatuyadharau majedwali hayo. Yamejenga maduka mengi, nasi bado tunayatumia bila kikokotoo. Lakini mtoto wa miaka minne anayeyaimba aghalabu anaimba tu. Isitoshe, katika Kigujarati karibu kila namba hadi mia ina jina lake la pekee, na ishirini na tisa huitwa kwa maana ya thelathini kasoro moja. Anayesema kumi na moja kwa Kiswahili ana bahati: neno lenyewe limekwisha kumwonyesha kumi, kisha moja.

Katika njia ya Montessori, ambayo Gijubhai aliichukua na kuioanisha na mazingira ya Kigujarati, mtoto hukutana na kiasi kabla ya alama. Hupewa fito kumi, ya kwanza ya sentimita 10 na ya mwisho ya mita 1, azipange kwa urefu. Hupitisha kidole juu ya tarakimu za karatasi ya msasa. Huweka vijiti katika visanduku, na kisanduku cha sifuri hubaki kitupu, akaona kwa macho maana ya sifuri. Kisha huja shanga: moja peke yake, kumi katika waya, mia kama mraba, elfu kama mche uliojaa mikono miwili. Aliyeubeba mche ule amekwisha kujua kwa uzito wake kwamba elfu si mia.

Mwaka 2007, miaka mia kamili baada ya safari ile, Greg Duncan na wenzake walilinganisha kumbukumbu sita za watoto waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa katika Marekani, Uingereza na Canada. Waliona kwamba ujuzi wa namba anaoingia nao mtoto shuleni ndio uliobashiri maendeleo yake ya baadaye kwa nguvu zaidi, kuliko hata ujuzi wa kusoma.

Hapa kwetu hisabati huangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne. Michango inapopitishwa, sisi wafanyabiashara hutoa kwa ajili ya masomo ya ziada ya kidato hichohicho, na chekechea tunaiona mahali pa kumwacha mtoto mama aende sokoni. Kwa maoni yetu fedha hizo zinaingia juu mno. Mtoto anayemsaidia mama yake kupanga nyanya mafungu ya tano tano katika soko la Same, au kuhesabu vipande vya tangawizi kutoka Mamba, amekwisha kuanza hisabati. Kinachokosekana ni mtu wa kumwendeleza siku ya pili.

Gijubhai alilijua hilo, ndiyo maana mwaka 1925 alianzisha chuo cha kuwafunza walimu wa watoto wadogo. Aliandika vitabu na vijitabu vipatavyo mia mbili. Kinachojulikana zaidi, Divaswapna, yaani ndoto ya mchana, kinamweleza mwalimu anayekabidhiwa darasa moja ili ajaribu mambo mapya huku wenzake wakimcheka.

Alifariki tarehe 23 Juni 1939. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Maria Montessori mwenyewe alifika India kufundisha walimu. Kazi ya Gijubhai iliendelezwa na Tarabai Modak, aliyekuwa amefanya naye kazi Bhavnagar. Mwaka 1945 mama huyu alikwenda Bordi, kisha Kosbad, kwa watoto wa vijijini ambao wazazi wao hawakuweza kununua fito wala shanga. Aliwakusanya uani na chini ya miti, akawafundisha kuhesabu kwa mbegu, majani na kokoto.