Askofu Edward Steere na Kazi Iliyotangulia

Viongozi wa kanisa letu hapa Magindu, wa kila kikundi, hulalamika kwamba siku haziwatoshi. Shamba linangoja, mgonjwa anangoja, kikao nacho kinangoja. Tumeona vema safari hii tueleze habari za Askofu Edward Steere, ambaye kazi zake zilikuwa nyingi kuliko siku alizopewa, tuone alianza na ipi.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria akawa mwanasheria, kisha akaiacha kazi hiyo akawa padre wa shamba. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Misheni hiyo ilikuwa imeondoka bara, upande wa Mto Shire, ambako wamisionari kadhaa walikufa. Kuhamia kisiwani kuliwachukiza wengi, na Dr. Livingstone mwenyewe alikasirika sana.

Basi mtu angetazamia kwamba Steere angefanya haraka kurudi bara ili kuwanyamazisha wasemaji. Hakufanya hivyo. Aliketi na wenyeji wa Unguja akajifunza lugha yao, neno kwa neno, akaandika na hadithi walizomsimulia. Aliwafundisha vijana waliookolewa utumwani, wakajua hata kupiga chapa vitabu. Mwaka 1870 vikatoka kitabu chake cha sarufi na kitabu cha hadithi za Kiswahili. Hiyo ni miaka sita! Sisi tuliofundisha walimu tunawajua vijana wanaotaka kushika chaki kabla ya kuandaa somo. Steere hakuwa wa namna hiyo. Tena alichagua Kiunguja, na lugha hiyo hiyo ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu baadaye, tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928.

Alikwenda kwao Uingereza, akarudi Unguja mwaka 1872. Mwaka uliofuata Sultani Barghash alifunga soko la watumwa, na Sikukuu ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapo Mkunazini. Mwaka 1874 akawekwa kuwa askofu. Sasa kazi zilimvuta huku na huku: kanisa, shule, tafsiri, na bara iliyokuwa ikingoja. Mwaka 1876 aliongoza mwenyewe msafara wa watu waliowekwa huru kutoka Lindi. Walipofika Masasi wakapapenda, kijiji kikaanzishwa, naye akawaachia wenzake akarudi Unguja.

Wanaotembeza wageni katika kanisa lile husimulia kwamba nguzo kadhaa zilisimamishwa kichwa chini siku ambazo Askofu hayupo. Zingalipo hivyo hivyo hadi leo. Hakuzibomoa, jengo lilisonga mbele, likapata paa la mawe na saruji lisilo na boriti hata moja, na ibada ya kwanza ikafanywa siku ya Krismasi. Kwa maoni yetu, kuziacha nguzo zile kulihitaji moyo kuliko kuzigeuza. Fundi yeyote anajua uchungu wa kupita kila siku mbele ya kosa.

Hatusemi kwamba alipanga yote sawasawa. Mke wake alibaki Uingereza miaka hiyo yote. Wanaowasifu viongozi hulipita jambo hilo upesi, lakini sisi tunaona si haki kulificha, kwa maana saa alizopewa Unguja zilitoka katika nyumba fulani. Wake na waume wa viongozi wetu watatuelewa.

Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Agano Jipya kwa Kiswahili alikuwa amekwisha kulifasiri. Sehemu kubwa ya Agano la Kale ilibaki mikononi mwa wenzake, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891.