Dotter, tabibu aliyezibua mishipa bila kisu

JANUARI 16, mwaka 1964, bibi kizee wa miaka 82 alilazwa mezani katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Portland, Marekani. Mguu wake ulikuwa umeanza kuoza kwa kukosa damu. Wapasuaji walishauri ukatwe, naye akakataa katakata. Ndipo alipoitwa Dk. Charles Dotter.

Dotter, aliyezaliwa Boston mwaka 1920, hakuwa mpasuaji. Alikuwa bingwa wa eksirei, na idara aliyoiongoza tangu akiwa na miaka 32 ilitarajiwa kupiga picha tu na kuzikabidhi kwa wenye visu. Mwaka 1963, akipitisha mrija mwilini mwa mgonjwa mwingine ili apate picha, mrija ulipenya kwa bahati mahali palipoziba, na njia ya damu ikafunguka. Kwa bibi huyu alikusudia. Alitoboa ngozi, akatanguliza waya, kisha mirija iliyozidiana unene, hadi mshipa wa paja ukazibuka. Maumivu yalikoma ndani ya wiki moja, na bibi alitembea kwa miguu yake miwili hadi alipofariki kwa nimonia miaka miwili na nusu baadaye.

Nyumbani hakushangiliwa. Wapo waliomwita kichaa, na mpasuaji mmoja alimwandikia kumtaka atazame mshipa bila kujaribu kuutengeneza. Pengine hawakuvutiwa na mtu aliyeunda vifaa vya tiba kwa nyuzi za gitaa. Ulaya ndiko alikosikilizwa. Huko Andreas Grüntzig aliufunga mrija puto dogo, mwaka 1974.

Ajabu ni kwamba njia hiyo ya kuzibua ilifaa pia kuziba. Mwaka 1972, Dotter na Josef Rösch, aliyetoka Czechoslovakia, walieleza jinsi walivyozuia damu iliyovuja tumboni kwa kupeleka damu iliyoganda ndani ya mshipa wenyewe. Leo, majeruhi wa ajali aliyepasuka bandama, iwapo hali yake imetulia na vifaa vipo, aweza kuingiziwa mrija kupitia kinena au mkono, na koili ndogo za madini zikauziba mshipa unaovuja. Bandama hubaki mahali pake, likiendelea kumkinga na bakteria. Anayepoteza damu kwa kasi bado hupelekwa chumba cha upasuaji.

Dotter, mpanda milima ambaye hata saratani ya tezi haikumzuia kukwea, alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel mwaka 1978, lakini hakuipata. Alifariki Februari 15, 1985, akiwa na miaka 64, bado mkuu wa idara ile ile.