Ahmad bin Majid, Maalim wa Bahari

Wengi wetu tulisomeshwa ya kuwa Ahmad bin Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hata Bara Hindi. Wengine huongeza kuwa alileweshwa kwanza. Hata hapa Nakuru, mbali na bahari, sisi watu wa pwani twasimuliana habari hiyo kana kwamba haina shaka. Basi natuyatazame maisha yake.

Alizaliwa Julfar, nchi iitwayo leo Ras al-Khaimah, karibu na miaka ya 1430. Baba yake na babu yake walikuwa maalim wa vyombo katika Bahari ya Sham, naye akawapita kwa elimu. Aliandika juu ya nyota, dira, pepo za misimu na alama za nchi kavu. Kitabu chake mashuhuri, Kitab al-Fawaid, kilitimia karibu na mwaka 1490. Alitunga pia mashairi ya njia za baharini, mojawapo likieleza safari ya Sofala, ili mabaharia wayahifadhi moyoni. Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 906 wa Hijra, yaani 1500.

Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi Aprili 24, 1498, akafika karibu na Calicut Mei 20, akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Mreno João de Barros, ambaye kitabu chake kilipigwa chapa 1552, aeleza kuwa rubani huyo alikuwa Mwislamu wa Gujarati. Alikuwa na ramani ya pwani yote ya Bara Hindi, na alipoonyeshwa ala za Wareno za kupimia jua hakustaajabu. Jina aliloandikiwa, Malemo Cana, ni cheo tu: maalim, mjuzi wa nyota.

Ahmad hakuwa Mgujarati. Aliyemtia katika kisa hiki pamoja na ulevi ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika zaidi ya miaka sabini baadaye. Katika miaka ya 1920 mtaalamu Mfaransa, Gabriel Ferrand, akaieneza kauli hiyo. Wataalamu wengi waliofuata wameikataa.

Ndugu zangu, tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kumtia mtu aibu. Tumemshutumu marehemu kwa uvumi, na vitabu vyake hatukuvisoma. Mwenyezi Mungu amrehemu, atusamehe na sisi.