Ramabai, mwalimu aliyewasumbua maaskofu

Sisi wa ualimu tunakaririshwa Froebel na Dewey, lakini Ramabai wa India, aliyezaliwa 1858, hatumsikii kabisa. Baba yake, wa tabaka la Brahmini, alimfundisha mkewe Kisanskriti ingawa desturi ilikataza, na mama huyo ndiye akamfundisha binti. Alipofika miaka 20 tu, wasomi wa Calcutta wakampa cheo cha Pandita, yaani bingwa wa elimu.

Mwaka 1882 akafiwa na mume, akabaki na mtoto mchanga. Kwao mjane alionekana nuksi.

Mwaka uliofuata akabatizwa Uingereza, kisha akafundisha Kisanskriti chuoni Cheltenham. Ilipopendekezwa afundishe hata wanaume, maaskofu wa India wakapinga. Eti haifai! Waliosema hivyo ni Wakristo wenzake, na hapo ndipo ninapompenda: hakunyamaza, wala hakumwacha Kristo. Aliwaandikia walezi wake kwamba ana akili na dhamiri yake mwenyewe.

Basi, 1889 akafungua Bombay shule ya wajane, baadaye makazi ya Mukti, Kedgaon. Alifariki 1922. Biblia aliyoitafsiri kwa Kimarathi ilichapwa palepale Mukti, kwa mikono ya wanawake.